Mzigo Unaomfaa Kila Mtoto: Kuwasaidia Watoto Kutambua na Kuthamini Vipaji Vyao

Kila mwaka mwezi wa Desemba, shule zinapofungwa, karatasi moja huingia katika nyumba zetu na kupewa uzito kuliko mgeni yeyote. Ni ripoti ya maendeleo ya mwanafunzi. Mzazi huipokea, huyapita masomo haraka haraka, huyapita hata maneno ya mwalimu wa darasa, na kidole chake hushuka moja kwa moja hadi palipoandikwa nafasi. Wa 47 kati ya 72.

Hapo mwaka mzima wa mtoto huhukumiwa kwa sentensi moja. Tumeisikia sentensi hiyo Ng'ambo, tumeisikia Cheyo na Isevya, tumeisikia katika vigango vya mbali ambako shule na kanisa hutazamana uwanjani: "Wewe huna kitu kichwani." Wakati mwingine husemwa kwa kicheko. Wakati mwingine husemwa mbele ya wageni, na hilo ni baya zaidi. Mtoto wa miaka tisa hana hoja ya kumjibu mama yake. Huinamisha kichwa, na kwa kuwa anampenda na kumwamini yule anayesema, huamini na maneno yake.

Ndugu waamini, ni vema tuanze na jambo ambalo wengi wetu hatukulitilia maanani. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha utaratibu wake wa miaka mingi wa kutangaza watahiniwa bora na shule bora kitaifa. Yalikuwapo malalamiko, na pengine yataendelea kuwapo, kwa maana sisi tunapenda kujua nani wa kwanza. Lakini ni ajabu kwamba chombo chenyewe chenye kazi ya kupima kiliona vema kuacha kupanga watu kwa ngazi hadharani, nasi sebuleni mwetu tunaendelea kutangaza.

Sisi wa Tabora tunaishi juu ya njia kuu ya kale. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikapumzika Unyanyembe, kisha ikaendelea Ujiji au ikageukia kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Waliobeba mizigo hiyo kwa sehemu kubwa walikuwa babu zetu Wanyamwezi. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh pamoja na John Speke mwezi Novemba 1857, aliandika kwamba kwa Wanyamwezi upagazi ulikuwa kipimo cha utu uzima, na kwamba alikuta watoto wa miaka sita au saba wakitembea na jino dogo la ndovu begani. Burton hakuwa mtu wa kuwasema Waafrika vizuri. Pale pale aliwafananisha watoto hao na watoto wa mbwa wa kuwindia. Maandishi yake yanahitaji kusomwa kwa tahadhari. Hata hivyo, alichokiona kinatufundisha kitu. Mtoto hakupewa jino la mtu mzima ili ashindwe na kuchekwa. Alipewa jino lililolingana na bega lake.

Tena msafara haukuwa mstari wa watu wa aina moja. Mbele alitangulia kirangozi, neno ambalo ni ndugu wa "kiongozi" la leo, akiwa na bendera. Mzigo wake ulikuwa mwepesi kuliko wa wengine, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuijua njia, na aliyethubutu kumtangulia alitozwa faini. Walikuwapo wenye mabega mapana waliobeba pembe kubwa. Walikuwapo wa vitambaa na shanga, na wa nyaya za shaba zilizofungwa katika ncha mbili za mti. Alikuwapo mpiga ngoma, alikuwapo mganga, walikuwapo wanyapara wa kusuluhisha ugomvi, na wanawake waliobeba vyungu ambavyo bila hivyo hakuna ambaye angekula jioni. Msafara ambao wote ni mabingwa wa kubeba pembe, na hakuna ajuaye maji yaliko, usingefika hata Ugogo.

Hatutaki kuipamba njia ile kupita kiasi. Njia hiyo hiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo, na miongoni mwao watoto, waliopangiwa bei sokoni kama nguo. Bei na thamani ni vitu viwili. Bei hupangwa na anayenunua; thamani mtoto huja nayo kutoka kwa Muumba wake. Tutalirudia jambo hili.

Kuna neno moja katika Injili ambalo mkazi wa njia ya misafara anaweza kulielewa kuliko watu wengine. Tunaposoma mfano wa talanta (Mathayo 25:14-30), akili zetu huenda upesi kwenye vipaji: kuimba, kucheza mpira, kuchora. Lakini talanta ya nyakati zile ilikuwa kipimo cha uzito. Kulingana na mahali ilipotumika, ilikuwa kati ya kilo 26 na 34 hivi za madini ya thamani. Mzigo wa mpagazi wa Unyanyembe ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Kwa maneno mengine, yule bwana wa mfano aliyekuwa akisafiri hakuwapa watumishi wake mapambo ya kujionea fahari, aliwapa mizigo. Na Mwinjili anaeleza wazi kwamba alimpa kila mmoja kadiri ya uwezo wake. Mtumishi wa talanta mbili hakulaumiwa kwa kutokuwa na tano. Alipokelewa kwa sifa zile zile. Aliyelaumiwa ni yule aliyeogopa akafukia. Hapa inafaa mzazi ajiulize: mtoto wangu akifukia alichopewa, ni nani aliyemtia hofu?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 1936 na 1937) inafundisha kwamba talanta hazikugawiwa kwa usawa, na kwamba tofauti hizo zimo katika mpango wa Mungu, ili kila mmoja apokee kwa mwingine kile anachokihitaji. Mtume Paulo anasema hayo hayo kwa mfano wa mwili wenye viungo vingi (1 Wakorintho 12). Kwa hiyo tunapozungumzia nguvu za mtoto, hatuzungumzii mashindano kwa jina jingine.

Ni vema pia tutofautishe maneno. Kipaji ni uwezo ambao mtoto amezaliwa nao au umejitokeza mapema ndani yake: sikio la muziki, wepesi wa hesabu, mikono inayojua kutengeneza. Fadhila ni tabia njema iliyojengeka kwa kutendwa mara nyingi: uvumilivu, ukweli, kiasi, ujasiri. Karama ni zawadi ya Roho Mtakatifu itolewayo kwa ajili ya kulijenga Kanisa. Vitatu hivi hukutana ndani ya mtoto mmoja, lakini havifanani. Shule zetu hupima sehemu ndogo ya kile cha kwanza. Cha pili hakina mtihani wala alama, na ndicho kitakachomfikisha mtoto mbali zaidi.

Sasa, tunavionaje? Jibu la kwanza ni gumu kwa wazazi wenye shughuli nyingi: kwa kukaa na watoto. Nguvu ya mtoto haijitokezi anapoitwa mbele ya wageni aimbe. Hujitokeza anapocheza, anapochunga, anapogombana na kupatana. Tazama kazi anayoifanya bila kutumwa. Tazama watoto wenzake humwendea kwa shida gani. Yupo anayefuatwa mpira unapochanika, yupo anayefuatwa ugomvi unapotokea, yupo anayefuatwa kwa sababu anajua hadithi.

Wakatoliki wa Tanzania tunao mfano tunaoupenda. Inasimuliwa kwamba Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, hakuonekana kwanza darasani, kwa kuwa hakuwa darasani. Alikuwa mtoto wa kuchunga. Mtemi Makongoro wa Ikizu alikuwa akicheza bao na baba yake, Chifu Nyerere Burito, akamwona kijana huyo akilicheza bao kwa akili iliyowashinda watu wazima, akamshauri baba yake ampeleke shule. Mwaka 1934 alianza masomo Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12. Mwaka 1937 akaja hapa kwetu, Shule ya Wavulana ya Tabora, na baada ya Makerere akarudi tena Tabora kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria. Jicho la kwanza lililomtambua mwalimu wa taifa lilikuwa la jirani aliyekaa kwenye ubao wa bao, si la mkaguzi wa shule. Tunawaomba wajomba, mashangazi na wazee wa jumuiya waliwekee jambo hili uzito. Mara nyingi mzazi yuko karibu mno na mtoto, kama mtu aliyebandika kitabu usoni.

Maandiko yana mzazi wa namna hiyo. Samweli alipofika kwa Yese kumtafuta mfalme (1 Samweli 16), baba aliwapitisha wana saba, mmoja mmoja, kwa kimo na umri. Wa nane hakuitwa hata kuletwa. Alikuwa malishoni na kondoo. Hatusikii kwamba Yese alimchukia Daudi. Alikuwa amekwisha kumpanga tu.

Baada ya kuona, hufuata kutaja. Hapa wengi wetu tumeelemea upande mmoja wa mizani. Makosa tunayataja kwa usahihi wa karani: lini, wapi, mara ngapi. Mema tunayataja kwa jumla, "mtoto mzuri," basi. Neno la jumla halimsaidii mtoto ajijue. Mwambie ulichokiona: "Jana bombani ulimsubiri mdogo wako mpaka naye akajaza dumu lake. Huo ni uvumilivu." "Ulizihesabu debe za karanga mara mbili kabla ya kuniambia. Wewe ni mtu wa kuhakikisha." Mtoto aliyepewa jina la tendo lake anaweza kulirudia kesho kwa makusudi.

Tujihadhari vilevile na sifa ya "una akili sana." Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walitoa matokeo ya majaribio waliyofanya kwa watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo mepesi, wakafaulu. Baadhi wakaambiwa wamefaulu kwa sababu wana akili, wengine kwa sababu wamejitahidi. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu, wakashindwa. Waliposhika tena mafumbo mepesi, waliosifiwa akili walishuka kuliko walivyoanza, na wengi zaidi kati yao walidanganya walipotakiwa kuwaandikia watoto wengine alama walizopata. Wataalamu wanaendelea kujadiliana juu ya ukubwa wa tofauti hiyo, lakini mzazi hahitaji maabara kuielewa. Mtoto aliyeambiwa yeye ni akili tupu hana mahali pa kuweka kushindwa kwake.

Wazee wetu watauliza: je, hatuwafundishi kiburi? Swali ni la haki, na tusilipuuze. Mtoto anayesifiwa kutwa kwa kila kijiko anachoosha atakuwa mzigo kwa jirani. Lakini unyenyekevu wa Kikristo haujengwi juu ya uongo. Mtakatifu Teresa wa Avila aliufungamanisha na ukweli. Bikira Maria katika wimbo wake nyumbani kwa Elizabeti (Luka 1:46-55) hakukana kwamba ametendewa makuu. Alisema ni nani aliyeyatenda. Mtoto afundishwe yote mawili kwa pamoja: "Ndiyo, unaweza," na, "Umepewa."

Njia moja rahisi tunayoipendekeza inahusu sala ya jioni. Tumewazoeza watoto kutafiti dhamiri kwa kuhesabu makosa ya siku, nalo ni jema. Tuongeze swali la pili: "Leo umemfaa nani, na kwa kitu gani?" Siku za kwanza mtoto atanyamaza au atasema "sijui." Mwachie, mwambie wewe ulichokiona. Baada ya majuma machache ataanza kujibu mwenyewe, na majibu yake yatakushangaza. Shirika la Kipapa la Utoto Mtakatifu, ambalo tangu mwaka 1843 limesimama juu ya wazo kwamba watoto huwasaidia watoto, linatukumbusha kwamba mtoto si mpokeaji tu katika Kanisa.

Ipo hatari nyingine, na katika mkoa wetu ni lazima tuitaje. Nguvu ya mtoto ikishatambuliwa, watu wazima hupata kishawishi cha kuitumia. Binti anasifiwa kuwa "mama mdogo," anajua kulea, anajua kupika. Mwishowe anabaki nyumbani na mdogo wake siku za shule. Kijana anasifiwa kuwa "ana nguvu kama ng'ombe," na msimu wa tumbaku ukifika, jina lake linaonekana kambini kuliko katika daftari la mahudhurio. Hapo hatumthamini mtoto, tumempangia bei. Lile jino dogo begani mwa mtoto wa miaka sita lilikuwa na upande huu pia: jamii iliyosifu bega tu ililea wabebaji, na aliyezaliwa na sikio au ulimi au jicho la pekee alijitafutia mwenyewe.

Katika njia hiyo hiyo alipita mtu ambaye maisha yake yanaweka bei na thamani pamoja. Adrian Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, akatekwa angali mtoto, akauzwa kuvuka Sahara. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, walimkomboa na kumsomesha, na tangu mwaka 1881 akajifunza utabibu huko Malta, kwa mpango wa Kardinali Lavigerie wa kuwaandaa makatekista waganga. Mwaka 1888 alianza safari ya bara kutoka pwani, na mwaka 1889 akafika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Alibaki huko akitibu na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956, miaka zaidi ya 60. Mmoja wa watoto wake akawa padre. Mfanyabiashara aliyemuuza aliona mikono na miguu. Kilichokuwa ndani ya mikono ile kilihitaji mtu wa kukitazama tena.

Na hapa mjini Tabora, mwaka 1963, Kanisa Katoliki lilifungua shule ya watoto viziwi, ya kwanza katika nchi yetu. Mpaka wakati huo mtoto asiyesikia alihesabiwa kuwa hafundishiki, akaitwa bubu na kufichwa jikoni. Alipopata wenzake na lugha ya alama, ilionekana kwamba alikuwa na mengi ya kusema. Tunalisema hili kwa ajili ya familia zenye mtoto mwenye ulemavu, ambazo huwa tunazipa pole na kuishia hapo. Pole pekee inaweza kuwa njia nyingine ya kumpita mtoto bila kumtazama.

Tumalizie kwa jambo tulilolishuhudia katika kigango kimojawapo, bila kutaja majina. Katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza alikuwapo binti wa miaka tisa ambaye katekista alimwona kuwa msumbufu. Hakuweza kushika majibu kwa moyo, na kila mara aligeuka nyuma kunong'ona. Jumapili moja katekista alimuuliza kwa ukali alikuwa akitafuta nini huko nyuma. Akajibu kwamba alikuwa akiangalia nani hakuja. Akawataja, wanne, na sababu ya kila mmoja: huyu ana malaria, huyu amekwenda kwa bibi yake Sikonge, huyu hana viatu. Juu ya yule wa nne alisema hajui, na kwamba ni Jumapili ya tatu sasa.

Katekista, kwa busara, alimkabidhi daftari la mahudhurio. Yule mtoto wa nne alipatikana kambini kwenye mabani ya tumbaku. Wanajumuiya walikwenda kuzungumza na mjomba wake, mara mbili, na mara ya pili mjomba alikubali. Binti anaendelea kuchanganya Kanuni ya Imani ya Mitume na ile ya Nisea.

Ndiye aliyekuwa wa 47 kati ya 72. Mama yake aliisoma ripoti ile kuanzia juu, somo kwa somo, akafika kwenye maneno ya mwalimu wa darasa, ambayo yalisema kwamba mwanafunzi huyu huwajali wenzake. Akayasoma kwa sauti ili baba naye asikie. Kisha akamwambia binti kwamba hisabati haiendi vizuri, na kwamba jedwali la saba na la nane wataanza nalo kesho asubuhi, baada ya kufagia.